Kutembea baharini Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kwa wingi sikukuu na likizo za skuli zinapokaribia, wakati familia, vikundi vya kina mama, wanafunzi na jamaa kutoka Dar es Salaam wanapotafuta boti ya kwenda kustarehe visiwani. Wengi wanaouliza ni wenyeji wa pwani, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mtu aliyezaliwa akiisikia bahari nje ya dirisha huona aibu kuuliza, akapanda tu. Uliza. Hakuna nahodha mzuri anayechukizwa na swali.

Boti za kutembea zinapatikana wapi?

Mjini, boti za visiwa vya Changuu na Bawe na fungu la mchanga la Nakupenda huondokea pwani ya Forodhani na Shangani. Kusini kuna Fumba, mlango wa Ghuba ya Menai na kisiwa cha Kwale, na kuna Kizimkazi, wanakokwenda wanaotaka kuona pomboo. Kaskazini ni Nungwi na Kendwa. Anayetaka kuogelea penye mwamba wa Mnemba huondokea Matemwe na Muyuni, au huzungukia kutokea Nungwi. Pemba, safari ya kisiwa cha Misali huanzia Wesha, karibu na Chake Chake, au Mkoani.

Kuna gati, vyoo, mahali pa kubadilishia nguo?

Sehemu nyingi hakuna gati la boti ndogo. Utavua viatu, utakunja nguo na kuingia majini mpaka magotini, pengine kiunoni, ndipo upande. Kwa mzee mwenye maumivu ya magoti, mjamzito au mama mwenye mtoto mgongoni, hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Mwambie nahodha mapema una abiria wa aina gani. Mwenye busara ataisogeza boti maji yakiwa yamejaa, ataweka ngazi, na kijana mmoja atasimama majini kumshika bibi mkono. Ukijibiwa "atapanda tu", tafuta boti nyingine.

Vyoo utavipata mjini na kwenye hoteli na migahawa ya pwani. Kwenye mafungu ya mchanga hakuna choo, hakuna maji ya kunywa wala kivuli isipokuwa mlichokuja nacho.

Safari ipangwe saa ngapi?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kabla ya lile la bei. Watu hupanga safari kwa kufuata pilau litaiva saa ngapi, kisha wakifika pwani wanaikuta boti imekaa juu ya mchanga, maji yako mbali kule mwambani.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo ni ndogo zaidi na mikondo hupoa.

Kwa kuwa bamvua hufuata mwezi na sikukuu zetu hufuata mwezi, hesabu ni nyepesi kuliko unavyodhani. Sikukuu ya Mfunguo Mosi, Idi ya kumaliza Ramadhani, huangukia bamvua kila mwaka. Siku ya kwanza maji hupwa kabisa mwendo wa saa tano asubuhi na kujaa mwendo wa saa kumi na moja jioni. Siku ya nne kupwa kumeshasogea hadi baada ya adhuhuri. Kwa hiyo anayetoka kuswali, akala, akaenda Fumba saa nne na nusu na watoto walioshavaa nguo mpya, atatembea matopeni muda mrefu kabla ya kuigusa boti. Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, huwa tarehe kumi ya mwezi, siku za maji mafu, na maji hujaa karibu na saa sita mchana. Siku hiyo kutoka asubuhi na kurudi alasiri ni raha tupu.

Hizo ni saa za kukadiria. Saa kamili iangalie kwenye jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, au muulize mvuvi yeyote wa hapo unapoondokea.

Kumbuka pia kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza na ya mwisho maji husogea kidogo, na saa mbili za katikati hukimbia. Kwa sababu hiyo fungu la mchanga lililoonekana pana mnapotandika mikeka linaweza kubaki ukanda mwembamba kabla hamjamaliza kula. Nakupenda huzama maji yakijaa. Boti isiwaache pale ikaenda kuchukua watu wengine. Ikae na nyinyi mpaka mtakapoondoka.

Msimu gani bahari ni tulivu?

Nyakati za malelezi, pale upepo mmoja unapoishiwa nguvu na mwingine haujashika: mwisho wa kaskazi (upepo wa kaskazini mashariki), mwezi wa Februari na Machi kabla ya masika, na tena Oktoba hadi Novemba, kusi (upepo wa kusini mashariki) likishalegea.

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba mpaka Machi, na kusi hushika baada ya masika, likakaza Juni, Julai na Agosti. Upande wa mashariki, yaani Matemwe, Paje, Jambiani na Makunduchi, unazipokea pepo zote mbili usoni, ijapokuwa mwamba huvunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Upande wa magharibi, mjini na Kendwa, hujikinga zaidi wakati wa kusi. Ghuba ya Menai imefunguka kusini, kwa hiyo Julai pale si mahali pa kujaribia boti ndogo yenye watoto.

Ncha ya Nungwi inahitaji neno lake. Mkondo mkubwa wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Kaskazi likivuma, upepo na mkondo hukutana uso kwa uso, na hapo mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, yanakuja moja juu ya jingine. Utaiona bahari ya Kendwa imelala kama mkeka, ukakunja ncha ukakuta habari nyingine kabisa.

Nitajuaje hali ya hewa ya siku hiyo?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku na tahadhari inapobidi, na redio zetu huzisoma. Isikilize mpaka mwisho. Tahadhari ya kawaida kwetu husema upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofika mita 2, kisha hutaja maeneo, na Unguja na Pemba mara nyingi zimo. Watu husikia mita 2 wakasema "mbona ndogo". Kaa kwenye sakafu ya boti ya faiba uone ukingo wake umekufika wapi. Wimbi la mita 2 linalokujia hapo limekupita kichwa. Siku hiyo boti ya kustarehe haitoki.

Kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia, Mei 2024, tahadhari zilitangulia siku kadhaa, kwa hiyo aliyesikiliza alipata muda wa kujipanga. Upepo wa ghafla wa masika ni tofauti: dalili yake ni wingu jeusi lenye ukingo wa chini ulionyooka, baridi inayokuja ghafla na maji kubadilika rangi kwa mbali. Ukimwona nahodha anageuza boti kwa kuona hayo, usimuulize kwa nini hamjamaliza muda mliolipia.

Kusi limekaza lakini tumeshalipa. Tufanyeje?

Msiende. Kabla ya kutoa pesa, kubalianeni kwamba upepo ukiharibika safari itasogezwa au pesa zitarudi. Nahodha anayejua kuwa hatapoteza riziki yake hana haja ya kujilazimisha, na huko kulazimishana ndiko kunakoua. Nimewasikia abiria wakimsukuma mzee wa watu: "Nahodha, sisi tumetoka mbali, hebu tujaribu." Akawajibu kwa upole, "Kusi limekaza, wanangu. Kesho inshallah." Walikasirika, wakaondoka. Yeye alikaa chini ya mkungu wake akaendelea kushona tanga. Ningependa kila abiria ampende mtu wa namna hiyo kuliko yule anayekubali kila kitu.

Boti ichukue watu wangapi?

Idadi iliyoandikwa kwenye cheti chake, na watoto ni watu. Mtoto aliyepakatwa anahesabiwa.

Kama huoni cheti, tazama ukingo. Wote wakishakaa, pawe na nafasi ya kutosha kati ya maji na ukingo wa boti, na isilale upande mmoja. Watu wakae chini, wagawanyike kulia na kushoto, mizigo iwe katikati na chini. Boti nyingi ndogo hupinduka watu wakisimama pamoja upande mmoja kupiga picha, hata bahari ikiwa tulivu.

Visiwa hivi vinajua maana ya kuzidisha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi watu na mizigo. Kabla ya mwaka kutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali. Kuna nyumba Unguja na Pemba ambazo mpaka leo hazijapata hata kaburi la kuzuru. Hizo zilikuwa meli kubwa. Boti ya faiba haihitaji kuzidisha mamia. Watu wanne zaidi wanatosha.

Jaketi okozi ni lazima hata kama najua kuogelea?

Ndiyo, na liwe mwilini. Jaketi lililolazwa chini ya ubao wa kukalia, juu yake pana dumu la petroli na kapu la maembe, halitamfaa mtu yeyote boti ikipinduka. Ajuaye kuogelea anaweza kupigwa kichwa na mlingoti, kushikwa na misuli, au kushikiliwa na mtu mwingine anayezama.

Lipokee, ulikague. Vuta kila mkanda kwa nguvu. Bonyeza vifungo uvisikie vikifunga. Tazama kitambaa: kama kimepauka na nyuzi zinakatika ukizivuta kwa kucha, jua limeshalimaliza. Libinye, na kama sponji ya ndani imevunjikavunjika au imelowa, lirudishe. Filimbi iwepo. Kisha livae, ufunge kila kitu, mwenzako ashike mabegani alivute juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa kwako au hukulikaza.

Kwa watoto hili ni la kufa na kupona. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kwa juu mara tu anapoingia majini, mikono ikiwa imenyooka. Litafutwe la kipimo chake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Maboya ya kujaza upepo ya mikononi ni vitu vya kuchezea.

Kina mama huniuliza kuhusu baibui. Vaa jaketi juu ya baibui, si ndani, na mtandio ufungwe usiwe na ncha ndefu ya kunasa. Suruali nyepesi ndani husaidia, ili baibui likikunjwa wakati wa kupanda usiwe na wasiwasi wa sitara.

Nimuulize nini nahodha kabla ya kupanda?

Cheti na leseni: chombo kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Mafuta: yatoshe kwenda, kurudi na kubaki, kwa sababu kurudi mara nyingi ni dhidi ya upepo. Nanga, na kamba ndefu ya kutosha. Kopo la kukumbia maji. Makasia au mashine ya akiba. Simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usioingia maji. Mtu wa pwani anayejua mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi, kwani bila yeye hakuna atakayewatafuta mapema.

Na muulize, "Tukirudi upepo utakuwa wapi?" Anayejua kazi atakuonyesha kwa mkono bila kufikiri.

Ngalawa ni hatari kuliko boti ya mashine?

Kila chombo na bahari yake. Mbao mbili za pembeni huishika ngalawa isipinduke kwa urahisi, na ndani ya mwamba inapendeza kuliko chombo chochote. Lakini haina nafasi ya watu wengi, na upepo ukifa mtarudi kwa kasia au mtangoja. Jahazi na mashua hubeba vizuri ila foromali, mti unaoshika tanga, ni nzito. Wakati wa kugeuza tanga, inamisha kichwa na uondoe watoto njiani.

Sijui kuogelea. Nisiende kabisa?

Nenda, ukivaa jaketi na ukikaa chini. Kisha jifunze. Wanawake wengi wa visiwa hivi hawakupata nafasi ya kufundishwa, nami natamani liwe jambo la kila skuli ya pwani. Anza na kuelea chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, pumzi taratibu. Ukishaweza hilo dakika tano, umepata muda wa kuokolewa.

Upande wa mashariki jihadhari na milango ya mwamba. Maji yakianza kupwa, ziwa lote la ndani, yaani maji yaliyo kati ya mwamba na ufukwe, hutafuta kutokea hapo, na mkondo huvuta kwenda nje. Ukivutwa usishindane nao. Elea, paza mkono, ogelea kwa upande sambamba na ufukwe mpaka uutoke.

Mashine ikizima au boti ikipinduka?

Mashine ikizima, nanga kwanza. Kila dakika bila nanga mkondo unawasogeza mwambani au bahari kuu. Kisha simu: namba ya dharura ni 112, na uokoaji wa baharini hufanywa na KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar. Chombo chenye redio kiite kwa chaneli 16. Taja mlipo, mko wangapi, na kama kuna mgonjwa au mtoto.

Boti ikipinduka, kaeni nayo. Ya faiba au mbao mara nyingi huendelea kuelea, na huonekana kutoka mbali, ilhali kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani. Ufukwe unaoonekana karibu umewapoteza waogeleaji hodari. Shikaneni, watoto katikati, mkihesabiana kwa majina.

Kuhusu Mnemba, Chumbe na Misali: naruhusiwa kushuka?

Mnemba yenyewe ni ya hoteli ya binafsi, hushuki. Utaogelea penye mwamba unaoizunguka, ambao ni eneo la hifadhi lenye ada. Chumbe ni hifadhi tangu 1994 na huingii ila kwa mpango wao. Misali iko ndani ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba, ina ada na sehemu ambazo hata wavuvi hawaruhusiwi. Popote pale, nanga isitupwe juu ya matumbawe. Boti ifungwe kwenye boya la kufungia, au nanga iwekwe mchangani. Tumbawe lililovunjwa asubuhi moja lilikua kwa miaka mingi, na samaki wa kitoweo chetu hulelewa humo.

Pomboo wa Kizimkazi, ni vibaya kuwafuata?

Kuwafukuza ni vibaya. Boti nyingi zikiwazingira hawapati kupumzika wala kunyonyesha. Mwambie nahodha mapema kwamba hamtaki kufukuza, kwa sababu mara nyingi yeye hufukuza akidhani ndicho mnachotaka. Boti ikae pembeni, mashine ipunguzwe, wenyewe wakipenda watakuja.

Na mashamba ya mwani?

Yako ndani ya ziwa la mwamba, hasa Paje na Jambiani, na maji yakijaa hayaonekani juu. Kamba zake hunasa propela, na propela hukata kazi ya wiki nzima ya mama mmoja. Waendesha mitumbwi ya plastiki na wale wa tiara za baharini wapite njia wanayoelekezwa na wanakijiji. Ukiharibu, mtafute mwenyewe umlipe.

Bahari hunilevya. Kuna dawa?

Ziko za duka la dawa, zinamezwa kabla ya safari, na zinaleta usingizi. Kula kidogo, usipande na njaa wala na shibe ya biriani, kaa nyuma penye mtikisiko mdogo, tazama upeo wa bahari badala ya simu. Tangawizi huwasaidia wengi.

Nikichomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa?

Ukitembea kwenye maji machache buruta miguu, taa atakusikia na kuondoka. Ukichomwa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia, bila kuunguza, mpaka maumivu yapungue, kisha nenda hospitali. Vipande vya mwiba hubaki ndani.

Turudi saa ngapi?

Muwe mmeshuka pwani kabla ya magharibi. Giza huku huingia haraka, na boti nyingi ndogo hazina taa.

Nimeona boti imejaza watu, au nahodha hafai. Nimwambie nani?

Kama bado iko pwani, mwambie sheha, kiongozi wa shehia, au kamati ya wavuvi ya hapo, wanasikilizwa kuliko mgeni. Kama imeshatoka, piga 112. Baadaye peleka taarifa kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, ukitaja jina na namba ya chombo, mahali, siku na saa, na picha kama unayo.